Kovu la Baba

Kovu la baba lina urefu wa sentimita mbili na nusu. Nimelipima kwa rula, siku moja alipokuwa amelala kifudifudi na mimi nampaka mafuta. Ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Liko chini kabisa ya mgongo, kushoto kidogo ya mfupa wa katikati, na usipoambiwa utadhani aliwahi kukwaruzwa na msumari. Kovu hilo lilitugharimu shilingi laki tatu na nusu, pamoja na mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu, ambao sikuurudia tena.

Nilikuwa nasoma historia. Jamaa walikuwa wakiniuliza historia itanipa kazi gani, na ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Sasa naandika makala, nalipwa kwa kipande, mwezi mwingine nalipwa na mwingine nadai. Nilipoanza kusoma kuhusu kovu hili sikuwa na nia ya kuandika. Nilitaka kujua tu kwa nini tundu dogo namna ile lilikuwa ghali namna ile, na kama, Mungu anisamehe, lilikuwa na lazima.

Baba ni hamali. Katika mji wa kale wa Amu gari halipiti; kuna vichochoro ambavyo hata punda wawili wenye mizigo hawapishani. Saruji, mchanga, unga, mafuta ya kula, vyote huja kwa mashua, hushushwa gatini, na kutoka hapo hupanda mgongo wa punda au wa mtu. Mji huu ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Watalii huja kuutazama, na wanasema ni mzuri, na ni mzuri kweli. Lakini kila jiwe unaloliona ukutani kuna mtu aliyelibeba. Punda wetu wana zahanati yao, iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Kiingereza la Donkey Sanctuary. Baba alikuwa akitania kwamba mwenzake wa kazi ana daktari wake maalumu, na yeye bado anangoja wake.

Ilikuwa Februari 2019, kaskazi bado inavuma. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imekaa chini ya ngazi za gati, kwa hivyo kila mfuko wa saruji, kilo 50, ulibidi uinuliwe kutoka chini huku kiuno kimepinda. Mahamali wanajua kwamba hiyo ndiyo saa mbaya ya kushusha mzigo. Mwenye mzigo naye alikuwa na haraka zake. Baba alisema alisikia "ta!", kama kamba iliyokatika. Alikaa chini akacheka. Ilipofika magharibi alikuwa hawezi kukaa wala kucheka. Maumivu yalitoka kwenye tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita shavu la mguu hadi kidole kidogo. "Mongo hauniumi sana," aliniambia kwenye simu, kwa Kiamu chake. "Ni guu. Guu lawaka moto."

Wiki za mwanzo tulifanya yale ambayo kila nyumba ya Amu ingefanya. Alikuja mkandaji na mafuta ya simsim. Kisha akaja mtu wa kuumika, akampiga pembe tatu kiunoni, damu ikatoka, na baba akalala siku mbili bila kulalama. Siku ya tatu moto ukarudi. Siwadharau watu hao. Mkandaji alipitisha kidole gumba kutoka takoni hadi kifundoni akasema, "Mshipa huu." Na alikuwa sawa. Waarabu wanayaita maumivu haya irk al-nasa, jina la mshipa huohuo, na Ibn Sina aliyaeleza katika Qanun yake karibu miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 1764, mjini Napoli, daktari Domenico Cotugno aliandika kitabu kizima kutenganisha maumivu ya kiungo cha nyonga na maumivu ya mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kwa hivyo mshipa ulijulikana zamani. Kilichokuwa hakijulikani ni nini kinachouchokoza. Hilo lilingoja hadi karne ya 20.

Kwanza tuelewane hicho kitu chenyewe. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Mfano wa karibu ninaoujua ni kitumbua ambacho hakijaiva vizuri: nje kigumu, ndani bado uji. Ukikibana upande mmoja, uji unachomoka upande wa pili. Diski ya mwanadamu ina ganda la nyuzinyuzi ngumu na kiini laini kama jeli. Ukiinama na kujipinda huku umebeba kilo 50, na ganda limekwisha choka kwa miaka, linaweza kupasuka nyuma, na kiini kikatoka. Huko nyuma ndiko inakopita mishipa ya fahamu ya miguu. Diski nyingi zinazopasuka kiunoni ni mbili za chini kabisa, maana ndizo zinazobeba uzito wote wa juu. Ya baba ilikuwa ya mwisho.

Huko Berlin, mwaka 1908, daktari wa mishipa ya fahamu Hermann Oppenheim na mpasuaji Fedor Krause walimfungua mgonjwa mgongo wakatoa kipande kilichokuwa kimebana mishipa. Mgonjwa alipata nafuu. Wao wakaandika kwamba wametoa uvimbe wa gegedu. Kwa miaka zaidi ya 20 madaktari wengine walikutana na kipande kama hicho, wakakitoa, wakakiita uvimbe. Mwaka 1932, mjini Boston, kijana mmoja aliyewahi kuanguka akiteleza kwenye theluji alipasuliwa na William Jason Mixter. Kilichotolewa kiliitwa uvimbe pia. Lakini mwenzake Mixter, daktari wa mifupa Joseph Barr, hakuridhika. Kipande kile kilitazamwa upya kwa hadubini, na kikaonekana ni diski ya kawaida tu, iliyotoka mahali pake. Wakarudi kwenye chupa za hospitali, zile zilizohifadhi vipande vya wagonjwa wa nyuma vilivyoandikwa "uvimbe", wakavichunguza kimoja kimoja. Vingi vilikuwa diski.

Nilisoma habari hiyo usiku, simu ikiwa na chaji asilimia tisa, na nilikaa nayo muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa kwenye rafu miaka yote hiyo, ndani ya chupa, na karatasi yenye jina lisilo lake. Mwaka 1934 Mixter na Barr walichapisha makala yao, na tangu hapo dunia ikajua kwamba mguu unaowaka moto unaweza kuwa na dawa kwenye kisu.

Tatizo likawa kisu chenyewe. Upasuaji wa mwanzo ulikuwa mkubwa: ngozi inachanwa, misuli inabanduliwa kutoka kwenye mfupa kulia na kushoto, kisha mfupa unaofunika mfereji wa mishipa unaondolewa. Yaani ni kubomoa dari nzima, boriti na mawe, ili kumtoa panya mmoja. Kufikia 1939 walikuwapo waliojaribu kupunguza, J. Grafton Love wa kliniki ya Mayo, Marekani, alionyesha kwamba diski inaweza kutolewa kwa kupita katika uwazi ulio kati ya mfupa na mfupa, bila kubomoa dari. Hata hivyo jeraha lilibaki kubwa, na jeraha kubwa lina mambo yake. John F. Kennedy, mtoto wa tajiri, alipasuliwa mgongo mwaka 1944 na maumivu hayakwisha. Mwaka 1954, akiwa seneta, alipasuliwa tena na kuunganishwa pingili, kidonda kikaingia maradhi, hali ikawa mbaya hadi padri akaitwa. Alipona, akawa rais, na aliishi na mgongo mbovu hadi kufa kwake. Pesa za baba yake zilikuwa nyingi kuliko za Amu nzima, na hazikuweza kumnunulia tundu dogo, kwa sababu tundu dogo lilikuwa bado halijazaliwa.

Wengine wakafikiria kuacha kisu kabisa. Hapa ndipo historia hii ilipopita jikoni kwetu. Mama, akiwa na nyama ngumu ya mishkaki, huikatia papai bichi, maana utomvu wa papai hulainisha nyama. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas alieleza kwamba aliwadunga sungura kimeng'enya cha papai, na masikio yao yaliyokuwa yamesimama yakalala chini kama majani yaliyokosa maji: gegedu imelegea. Daktari wa mifupa Lyman Smith alijiuliza kama gegedu ya sikio inayeyuka, kwa nini kiini cha diski kisiyeyuke? Mwaka 1963 alianza kuwadunga wagonjwa kimopapaini, kimeng'enya kinachotokana na utomvu huohuo, moja kwa moja ndani ya diski. Miaka hiyo Tanganyika, Uganda na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje utomvu mkavu wa papai, kwa ajili ya viwanda vya bia na nyama. Wakulima waliochanja mapapai yao alfajiri hawakujua kwamba ng'ambo kuna mtu anatibu kiuno kwa tunda hilo.

Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, na watu wengi walidungwa. Wengi walipata nafuu. Lakini baadhi miili yao iliikataa vikali, wengine walipooza, wapo waliokufa. Mwaka 2003 ikaacha kuuzwa huko. Nilimsimulia mama habari hii, akatazama papai lililokuwa mezani, akasema, "Kwa nyama ya mbuzi yatosha."

Kilichoshinda ni hadubini. Mturuki Gazi Yaşargil, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliizoea hadubini kwa kushona mishipa ya damu ya ubongo, midogo kama uzi. Mwaka 1977 yeye, na Mjerumani Wolfhard Caspar kwa upande wake, walieleza jinsi ya kuitumia hadubini hiyohiyo kutoa diski ya kiuno. Daktari akiona vizuri hahitaji mlango mkubwa. Jeraha likashuka kutoka urefu wa kiganja hadi sentimita chache. Wakati huohuo wengine walikuwa wakipita ubavuni: Hijikata huko Tokyo alichapisha mwaka 1975 njia ya kunyonya kiini cha diski kwa bomba jembamba, na Parviz Kambin, mzaliwa wa Iran aliyekuwa Philadelphia, alitafuta upenyo salama kandokando ya mshipa wa fahamu. Upenyo huo, wenye umbo la pembetatu, hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1997, Kevin Foley na Maurice Smith wa Memphis walikuja na wazo ambalo hatimaye ndilo lililomfikia baba. Misuli haikatwi. Inasukwasukwa. Unaingiza kijiti chembamba kati ya nyuzi za msuli, kisha bomba juu yake, kisha bomba nene kidogo juu ya hilo, hadi upenyo unatosha bomba la mwisho, karibu upana wa kidole gumba. Daktari anafanya kazi yote ndani ya bomba hilo, kwa kamera au kwa hadubini. Akimaliza bomba linatolewa, na nyuzi zinarudi mahali pake kama mapazia. Siku hizi kuna kamera inayopita katika tundu lisilofika sentimita moja, maji yakipita ndani kusafisha njia.

Kwa hivyo kazi ya miaka 60 na zaidi ilikuwa kulipunguza jeraha. Mimi nilikuwa na swali jingine: jeraha limepungua, na njia ya kulifikia je?

Kenya ilianza kupata huduma ya kudumu ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu Renato Ruberti alipofika Nairobi kutoka Italia mwaka 1967. Tanzania ilianzisha taasisi yake ya mifupa ya Muhimbili, MOI, kwa sheria ya mwaka 1996. Unguja, ambako Waamu wengi wana jamaa, kituo cha upasuaji wa mishipa ya fahamu kilifunguliwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2014 kwa msaada wa Wahispania wa NED. Ukitazama ramani, yote ni miji mikubwa. Kuna mfano mmoja ninaoupenda wa upande wa pili: Haydom, hospitali ya kijijini kaskazini mwa Tanzania, ambako kuanzia mwaka 2006 daktari Dilan Ellegala alimfundisha Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, kupasua ubongo. Na Mayegga naye akamfundisha mwingine.

Kutoka Amu kwenda Mombasa ni mashua hadi Mokowe, kisha basi, kilomita kama 340. Tuliondoka alfajiri. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, mabasi yalikuwa yakisafiri kwa msafara wa polisi, na barabara ya Garsen ilikuwa bado haijakamilika lami. Baba hakuweza kukaa. Kondakta, Mungu amlipe, alitupa viti vyote vya nyuma, na baba akalala hapo ubavu, magoti kifuani, kilemba mdomoni ili asipige kelele mbele za watu. Kila shimo nililiona usoni mwake. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni kwa wiki moja tu, hivyo ndivyo nilivyowaambia wenzangu.

Mombasa picha ya MRI ilionyesha kile ambacho eksirei haikuweza kukionyesha, maana eksirei huona mfupa na kupita diski kana kwamba haipo. Daktari alimwambia baba asimame kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto. Alishindwa. Mguu uliombeba miaka 27 gatini ulikuwa umeanza kulegea. Daktari akatuchorea nyuma ya bahasha: pingili, diski, mshipa. Akauliza kama anapata shida ya kukojoa, au ganzi sehemu za siri. Hapana. Akasema kama ingekuwa ndiyo angempasua usiku uleule, kwa sababu mishipa ile ikibanwa kiasi hicho saa zinahesabika. Kwa hali yake, alisema, kuna njia mbili, kungoja au kupasua, na yeye angechagua kupasua kwa sababu ya mguu.

Bima hakuwa nayo. Ami aliuza fungu lake la mashua. Mama aliuza bangili. Mimi nilikuwa na karo ya muhula. Hakuna aliyeniomba. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kudhani niliombwa.

Operesheni ilichukua muda wa saa moja na kitu. Siku ya pili baba alitembea hadi dirishani akatazama nje, akasema moto umezimika. Alilia, na mimi nikajifanya natafuta viatu vyake.

Sasa nirudi kwenye lile swali langu la mwanzo. Baadaye sana nilikuta utafiti wa Henrik Weber wa Norwe, uliochapishwa mwaka 1983. Aliwagawa kwa kura wagonjwa 126 wa diski, nusu wakapasuliwa na nusu wakatibiwa bila kisu, kisha akawafuata miaka kumi. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora wazi. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imepungua. Baada ya kumi haikuonekana. Mwaka 2007 Waholanzi, wakiongozwa na Wilco Peul, walifanya hivyo kwa watu 283. Waliopasuliwa mapema walipona kwa wastani wa wiki 4, wa upande wa pili kwa wiki 12. Mwaka ulipokwisha, asilimia 95 ya kila upande walisema wamepona, ingawa karibu wanne katika kila kumi ya waliotakiwa kungoja walikuwa wameshindwa, wakapasuliwa. Waliokuwa wamelegea vibaya mguu hawakuingizwa. Kiini kilichotoka, kumbe, mara nyingi hunyauka chenyewe. Mwili hukila polepole.

Nilifunga simu. Siku tatu sikuzungumza vizuri na mtu. Nilikuwa nahesabu: bangili, mashua, chuo. Huenda tulinunua kitu ambacho subira ingetupa bure. Mwishowe nikamwambia baba, kwa sababu kumficha ilikuwa mbaya zaidi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hao wa Norwe," akauliza, "walipokuwa wakingoja, walilishwa na nani?"

Nikamwambia kwao mgonjwa hulipwa mshahara akiwa kitandani.

"Bas," akasema. "Mimi ningengoja kwa nini? Kwa mwezi wa tatu nyumba hii ingekula nini?"

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo, na sijapata la kulipinga. Utafiti unapima maumivu mwishoni mwa mwaka. Haupimi deni la dukani. Kile ambacho wapasuaji wale walikuwa wakikipunguza, kutoka dari nzima hadi tundu la kidole, kwa mgonjwa kama baba ni siku za kulala. Na mtu anayekula kwa mgongo wake ndiye anayezihitaji siku hizo kuliko wote, na ndiye aliye mbali zaidi na mahali zinapouzwa. Nilikuwa nimejiuliza kama kovu lile lilikuwa na lazima. Kwa mtu mwenye mshahara wa kitandani, pengine halikuwa. Kwetu lilikuwa nayo, na sasa naweza kuitazama ile rula bila hasira.

Daktari alimkataza mizigo mizito maisha yake yote. Baba ameketi gatini siku hizi, ana daftari, anamhesabia tajiri mifuko inayoshuka, kwa malipo yasiyofika nusu ya yale ya zamani. Maji yakikupwa na mashua ikashuka chini ya ngazi, huwapigia kelele vijana: "Ngojani mai yaye!" Wasubiri maji yajae, mashua ipande, mfuko uwe usawa wa kifua. Wanamcheka. Wanalipwa kwa mfuko, na tajiri ana haraka. Juzi nilimpelekea chai nikamkuta amesimama kwenye ngazi ya mwisho, amefunga daftari, anamwonyesha kijana mmoja jinsi ya kuinama kwa magoti.